Gudulia la Alcibiades: Wagiriki wanaponyweshwa kwa kikombe kimoja

Kuna neno moja ambalo sisi wahadhiri hulitamka karibu kila muhula bila kujali lilikotoka. Barua ya mwaliko ikija kwa Kiingereza, shughuli huitwa simposiamu. Ikija kwa Kiswahili, huwa kongamano. Tunakaa safu kwa safu, kila mtu na chupa yake ya maji, tunasomewa makala mpaka usingizi utukabe. Ukilirudisha neno hilo kwa wenyewe, Wagiriki wa kale, lilikuwa symposion, yaani kunywa pamoja. Na hawakuwa wakinywa maji ya chupa.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu miezi kadhaa iliyopita mchapishaji mmoja aliniletea mswada wa tafsiri ya Kiswahili ya Symposium ya Plato, niusome na kumshauri kama unafaa kuchapishwa. Mtafsiri simtaji, wala mchapishaji, kwa kuwa kazi ingali mezani. Ni kijana mwenye bidii. Kiswahili chake kinatiririka na sentensi zake hazinuki Kiingereza kama za wengi tunaowajua. Hotuba ya Diotima kuhusu mapenzi niliisoma mara mbili kwa raha tu, kalamu nyekundu nikiwa nimeiweka kando. Ila tangu mwanzo hadi mwisho, kila mtu humo anakunywa kwa kikombe. Kikombe, kikombe, kikombe kikubwa. Mwanzoni niliona ni jambo dogo, la kuandikwa pembeni kwa maneno mawili. Nilipofika mwisho niligundua kwamba kikombe hicho kimekimeza kitabu chenyewe.

Nianze na kisa, kwa faida ya asiyekisoma. Mwaka 416 K.K., Agathon, mshairi kijana wa Athens, alishinda mashindano ya tamthilia katika sikukuu ya Lenaia, sikukuu ya Dionysus, mungu wa mvinyo. Siku iliyofuata sherehe zake za ushindi akawaalika marafiki nyumbani: Phaedrus, Pausanias, tabibu Eryximachus, mwandishi wa vichekesho Aristophanes, na Socrates. Wakala. Kisha, kwa kuwa wengi wao walikuwa na uchovu wa ulevi wa jana yake, wakakubaliana kwamba usiku huo kila mtu anywe kwa kiasi anachotaka na wazungumze, kila mmoja amsifu mungu wa mapenzi, wakifuata zamu kuelekea kulia.

Mtafsiri wetu ameiita kazi hii Karamu. Simlaumu sana, na mimi niliifundisha kwa jina hilo kwa miaka mingi, na kuna wanafunzi wangu ambao leo ni walimu wanaoendeleza kosa langu. Lakini karamu ni neno la ukarimu, na kwetu ukarimu ni sahani. Mwalike Mswahili karamuni, usimpe chochote cha kutafuna, uone atakavyokusema njiani akirudi kwake. Wagiriki walitenga mambo mawili. Kwanza kulikuwa na deipnon, chakula cha jioni. Kikiisha, meza ndogo ziliondolewa, watu wakanawa mikono, mvinyo kidogo ukamiminwa kwa ajili ya miungu, wimbo ukaimbwa, na hapo tu ndipo symposion ilipoanza. Plato mwenyewe anaupitia mpaka huo kwa sentensi moja ya haraka, kwa kuwa wasomaji wake waliujua. Katika mswada nilioletewa mpaka haupo. Watu wanakula na kunywa na kuhutubu kwa pamoja kama tuko katika harusi ya mjini.

Tena wameketi mezani. Hapa nilitaka kulia. Wanaume hao walijilaza, bwana, hawakuketi. Chumba chenyewe kiliitwa andron, chumba cha wanaume, na vitanda vilipangwa kufuata kuta, mara nyingi 7, watu wawili kila kimoja, wameegemea kiwiko cha kushoto ili mkono wa kulia ubaki huru. Vichekesho vyote vya kitabu hiki vinategemea nani amelala karibu na nani. Agathon anamwita Socrates alale kando yake. Baadaye Alcibiades anaingia amelewa, anajipenyeza katikati yao bila kumwona Socrates, anageuka na kushtuka. Mwishoni wanagombania nafasi kama watoto, kwa sababu anayelala upande wa kulia wa mtu ndiye atakayesifiwa naye. Waweke watu hao kwenye viti na ugomvi huo unakuwa wa kipuuzi, huelewi wanatafuta nini.

Sasa tuje kwenye vyombo.

Chombo cha kwanza chenye kazi katika kitabu ni kiliksi. Socrates amechelewa, amesimama barazani kwa jirani akiwaza. Anapoingia, Agathon anamwambia alale karibu naye ili aambukizwe hekima kwa kumgusa. Socrates anamjibu kwa kejeli kwamba ingekuwa vizuri kama hekima ingekuwa kama maji, yanayohama kutoka kwenye kiliksi iliyojaa kwenda kwenye iliyo tupu kwa kupitia uzi wa sufu. Mtafsiri ameandika kwamba maji hutoka chombo kilichojaa kwenda kitupu. Uzi umetoweka! Lakini jaribu nyumbani: chukua vibakuli viwili vipana, kimoja kijaze, laza kipande cha sufu kilicholowa toka kimoja hadi kingine, ukiache kile kitupu chini kidogo. Maji yatahama polepole bila mtu kuvigusa. Kiliksi inafaa sana kwa mchezo huo kwa sababu ni pana na fupi, karibu kama kisahani kirefu kidogo, imesimama juu ya mguu na ina vishikio viwili ubavuni. Ni chombo cha mtu aliyelala. Na kwa kuwa walilala wawiliwawili kila mtu na kiliksi yake, mfano wa Socrates unatokana na kile kilichokuwa mbele ya macho yao: miili miwili kando kwa kando, vyombo viwili, kimoja kimejaa na kingine kitupu. Anamtania mwenyeji wake kwamba elimu haipatikani kwa kulala kando ya mwalimu. Mimi niliyefundisha miaka zaidi ya 30 naujua utani huo vizuri.

Kiliksi ilikuwa na mambo yake mengine. Ndani, chini kabisa, mfinyanzi alichora picha ambayo ilionekana tu mvinyo ulipopungua. Iko moja maarufu ya Exekias katika jumba la makumbusho la Munich, ya karne ya 6 K.K., ambamo Dionysus amelala chomboni baharini, mizabibu imepanda juu ya mlingoti na pomboo wanamzunguka. Nje ya chombo hicho hicho yamechorwa macho mawili makubwa, hivi kwamba mnywaji akikiinua kunywa, wenzake huona kinyago kikiwakodolea. Tena walikuwa na mchezo uitwao kottabos: unapitisha kidole kwenye kishikio, unazungusha, unarusha machicha ya mvinyo yaliyobaki kulenga shabaha, huku ukilitaja jina la umpendaye. Hebu fanya hivyo kwa kikombe cha chai.

Chombo cha pili ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Katikati ya usiku, hotuba zikiwa zimefika kileleni na Diotima, mlango unagongwa kwa kishindo. Ni Alcibiades, mwanasiasa kijana aliyependwa kuliko wote Athens, amevaa shada la majani na urujuani, ameshikiliwa na mwanamke mpiga zumari. Anawatazama, anawaona wote wazima wa akili, anajitangaza mwenyewe kuwa mkuu wa unywaji. Hakupigiwa kura na mtu. Kisha anaomba chombo kikubwa. Halafu anasema, la, hebu niletee ile psiktere. Anaiona inabeba zaidi ya kotyle 8, yaani zaidi ya lita mbili. Inajazwa, anainywa yote, kisha anaamuru ijazwe tena kwa ajili ya Socrates.

Mswada unasema: akaomba kikombe kikubwa zaidi. Ukisoma hivyo, ni mlevi ameongeza kipimo tu, jambo la kawaida. Lakini psiktere si chombo cha kunywea hata kidogo. Ni chombo cha kupoza. Kina tumbo la mviringo na shingo nyembamba chini, kama uyoga. Kilitiwa mvinyo na kutumbukizwa ndani ya chombo kingine chenye maji baridi au theluji. Kuinywea psiktere ni kama mgeni wako ainue birika zima na kulitia mdomoni mbele ya wakwe. Wenyeji walikuwa wamekubaliana kunywa kwa kiasi, kwa hiari na kwa zamu. Mtu mmoja anaingia, anajitawaza, analivunja agizo la wote, na analivunja kwa kukitumia chombo kwa kazi isiyo yake. Wasomaji wa Plato, waliosoma hayo katika karne ya 4 K.K., walijua kilichofuata. Mwaka 415 K.K., Alcibiades alishtakiwa kwamba ameziigiza kwa dhihaka ibada za siri katika nyumba za watu, na Phaedrus yule yule wa kitabu hiki alitajwa pia. Safari ya vita kwenda Sicily, ambayo Alcibiades aliichochea, ikaishia katika maangamizi. Plato hakuhitaji kuyasema hayo. Alikwisha kuyasema kwa psiktere.

Na Kiswahili tunalo neno lake! Gudulia ni chombo cha udongo ambacho watu wa pwani walikitumia kuwekea maji ya kunywa yakapoa. Umbo si lile lile, lakini kazi ndiyo, na katika tukio hili kazi ndiyo yenye maana. Andika kwamba Alcibiades aliomba aletewe gudulia, akalinywa lote, na msomaji wa Mombasa atainua uso kutoka kitabuni aulize, gudulia? Hilo ndilo swali ambalo Plato alitaka liulizwe.

Chombo cha tatu ni fiale, bakuli pana lisilo na vishikio ambalo aghalabu lilitumiwa kumiminia miungu. Kulipopambazuka walikuwa wamebaki macho watatu tu, Agathon, Aristophanes na Socrates, wakinywa kutoka fiale moja kubwa na kuipitisha kuelekea kulia, Socrates akiwashurutisha wakubali kwamba mtu yule yule aweze kuandika tanzia na ramsa. Tazama mwendo huo: mwanzoni kila mtu na kiliksi yake, katikati mtu mmoja na gudulia la wote, mwishoni watu watatu na bakuli moja linalozunguka. Aristophanes analala wa kwanza, kisha Agathon. Socrates anaondoka, anakwenda kuoga, na kuishi siku yake kama siku nyingine. Ningependekeza tasa kwa fiale. Mswada unasema kikombe kikubwa, maneno yale yale aliyopewa Alcibiades, kwa hiyo msomaji ataamini ni chombo kimoja.

Mwenzangu mmoja niliyemsimulia haya alicheka, akasema ati tatizo si mtafsiri, ni lugha: Kiswahili hakina vyombo vya kuibebea falsafa ya Wagiriki. Nilimjibu kwa hasira kidogo, na namwomba radhi kwa sauti, lakini si kwa hoja. Kiswahili kina balasi, nzio, kasiki, mtungi, kuzi, gudulia, birika, buli, bilauri, bakuli, tasa, kibuyu na kata. Hidria ya Wagiriki, ya kuchotea maji, ni mtungi. Oinokoe, ya kumiminia, ni kuzi. Kiatho, kile kichombo chenye mkono mrefu cha kutekea mvinyo kutoka kwenye krateri, ni kata yetu kabisa, tofauti ni kwamba yetu imetokana na kifuu cha nazi. Waliotafsiri Injili ya Yohana katika Biblia ya Union walipofika harusini Kana waliandika mabalasi, na kipimo wakakiita nzio. Hawakuandika vikombe vikubwa sita.

Mahali pengine lugha yetu inaishinda Kiingereza waziwazi. Yule mwanamke aliyemshikilia Alcibiades, na mwenzake ambaye Eryximachus alimfukuza mapema usiku aende akajipigie mwenyewe au awapigie wanawake ndani, Waingereza wamezoea kusema walipiga filimbi. Mtafsiri wetu amewafuata. Lakini aulos haikuwa filimbi. Ilikuwa na ulimi wa tete mdomoni, ikapigwa mbili kwa pamoja, na sauti yake ilikuwa kali. Ni zumari. Aliyewahi kusikia zumari kwenye ngoma za pwani ataelewa kwa nini watu waliotaka kuzungumza falsafa walimtoa mpigaji nje, na kwa nini kurudi kwa zumari pamoja na Alcibiades kunavunja mazungumzo kabla hajafungua kinywa.

Mfano mwingine. Xenophon, mwanafunzi mwingine wa Socrates, anasimulia jinsi jeshi lake lilivyofika katika vijiji vya Armenia na kukuta kileo cha shayiri ndani ya krateri, punje zikielea juu, na mianzi mikubwa na midogo isiyo na vifundo ya kufyonzea. Kilikuwa kikali, anasema, usipokitia maji, lakini kitamu kwa aliyekizoea. Nimesoma maelezo marefu ya wataalamu wa Ulaya wakijaribu kumfafanulia msomaji wao jambo hilo. Mzee yeyote wa Busia au Bungoma aliyewahi kukizunguka chungu cha busaa na mrija wake hahitaji hata tanbihi moja.

Kuna neno lililonisumbua zaidi ya vyombo. Alcibiades anapoagiza psiktere, anamwambia pais ailete. Mtafsiri, akifuata Kiingereza, ameandika mtoto. Ukisoma unadhani Agathon anamtuma mwanawe pombe. Kwa Kigiriki neno hilo lilimaanisha mtoto, na lilimaanisha mtumwa, hata mtumwa mwenye mvi. Nilipokuwa mdogo, amu yangu alifanya kazi nyumbani kwa mlowezi. Alikuwa na wake wawili na wajukuu, na aliitwa boi. Sisi watoto tulimwita Amu, tukanyamaza akipita. Aliporudi likizo hakuzungumza juu ya kazi yake, ila kuhusu vyombo: alijua bilauri ipi ni ya kinywaji gani, na alijua kwamba ukikosea utatukanwa mbele ya wageni. Kila ninapofika pale kwenye psiktere humfikiria. Katika chumba kile cha Agathon kuna mtu aliyeijaza mara mbili, lita mbili na zaidi kila mara, akaibeba, na Plato hampi jina. Nimemshauri mtafsiri aandike mtumwa. Neno boi ndilo lililo karibu zaidi, nalijua hilo, lakini lingeihamishia Athens kwenye shamba la mzungu, na sina uhakika kwamba ningeweza kulitetea mbele ya mhariri.

Mvinyo nao una kisa. Tulipata mvinyo kutoka kwa Wareno na divai kutoka kwa Wafaransa, na katika matumizi ya zamani mvinyo ulikuwa kileo kikali. Kwa Mgiriki wa kale kunywa bila kuchanganya na maji kulikuwa ushenzi. Herodotus anatuambia Wasparta waliamini mfalme wao Cleomenes alipata wazimu kwa sababu alijifunza kwa Waskithia kunywa mvinyo mtupu. Ndiyo maana chombo kikuu cha chumba kilikuwa krateri, jina linalotokana na kuchanganya, na mkuu wa unywaji ndiye aliyeamua maji kiasi gani. Hata leo Mgiriki huita mvinyo krasi, kutoka mzizi huo huo. Katika kichekesho kimoja cha Eubulus, Dionysus anawaandalia wenye busara krateri tatu tu, ya mwisho ikiwa ya usingizi. Zinazofuata ni za matusi, makelele, ngumi, mpaka ya kumi ambayo ni ya wazimu. Basi divai ingefaa zaidi kuliko mvinyo. Hili ni pendekezo, si amri.

Niseme pia, kwa haki ya mtafsiri, kwamba majina ya vyombo hivi hayakuwa thabiti hata kwa Wagiriki. Athenaeus, mzaliwa wa Naucratis huko Misri, aliijaza sehemu ya 11 ya kitabu chake kwa majina ya vyombo vya kunywea kwa mpangilio wa alfabeti, akibishana kila hatua nini kiliitwaje. Mwaka 1935 Gisela Richter na Marjorie Milne walilazimika kutunga kitabu kizima kuoanisha maumbo na majina, na mengi tunayoyatumia leo ni makubaliano ya wanaakiolojia. Kiliksi ya mdomoni mwa Socrates huenda haikuwa umbo lile hasa ambalo makumbusho huliita hivyo. Hoja yangu haidai usahihi huo. Inadai tu kwamba Plato alipobadilisha neno, na sisi tubadilishe.

Nilimpa mchapishaji ushauri wangu: achapishe, baada ya marekebisho. Mtafsiri aliniandikia kwa adabu, akakubali gudulia, kata, zumari na mtumwa. Kuhusu jina la kitabu bado tunavutana; mimi nataka Simposio, yeye anasema litauza nakala tano. Tasa ameikubali shingo upande. Ila kiliksi aliirudisha kwangu na swali: Profesa, wewe ungeiitaje? Kombe nimeliwaza, lakini Mkenya akisikia kombe anaona timu ya kandanda imebebwa mabegani. Bakuli halina mguu. Kisahani hakina kina. Nimepekua kamusi zote nilizo nazo na nimewauliza wazee wawili wa Lamu, mmoja akanijibu kwamba kwao hawakunywa wamelala. Msomaji mwenye neno la chombo kipana, kifupi, chenye mguu mmoja na vishikio viwili, tafadhali aniandikie kupitia gazeti hili kabla mswada haujaenda mtamboni.